Kukereza au Kununua: Dramu za Breki kwa Magari ya Mgeta



Anayetoka hapa Mzumbe kwenda Morogoro mjini hupita lami ya barabara kuu, na breki zake hazipati taabu kubwa. Anayepitia Mlali kupanda Mgeta, kisha akateremka na shehena ya kabichi na viazi, breki zilezile anazitwisha kazi nyingine kabisa. Mada hii inamhusu huyo wa pili.

Tupige hesabu. Gari la tani 3 likiteremka mita 1,000, nishati inayotoka inatosha kuchemsha lita 88 hivi za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Dereva akishika gia nzito, injini hubeba sehemu yake. Iliyobaki karibu yote huishia kwenye breki. Dramu ikipata moto hupanuka, ikaziacha shuu, na pedali ikazama. Dramu iliyokwisha kuwa nyembamba hufika huko mapema zaidi.

Ndiyo maana nawaomba msimpelekee fundi kerezo dramu kabla ya kuipima. Kukereza huondoa mikwaruzo, na huondoa chuma pia. Dramu huwa zimeandikwa kikomo cha kipenyo: ya milimita 295, kwa mfano, huruhusiwa hadi 297. Milimita hizo 2 zimewekwa kwa ajili ya kukereza pamoja na kulika barabarani. Ukikereza ukafika 297, kwa sheria ya kipimo umefika mwisho siku ileile uliyolipa. Kwa gari la milimani, mimi nisingerudisha dramu iliyobakiza chini ya nusu milimita. Yenye ufa haichomelewi, inatupwa.

Shuu zina hukumu nyingine. Kubandika lainingi mpya kwenye shuu ya zamani ni kazi nzuri, mradi chuma chake hakijapinda. Lakini dramu ikishakerezwa, mviringo wake huwa mpana kuliko ule wa lainingi ya kawaida, nayo hugusa katikati tu. Eneo dogo linabeba mzigo wote, linaungua, na dereva anamlaumu aliyeuza lainingi. Dai lainingi nene zaidi, au ichongwe ilingane na dramu yake. Iliyolowa oili ya ekseli au ya breki usiioshe kwa petroli na kuipiga msasa, ingawa gereji nyingi hufanya hivyo. Oili imeshazama ndani, na joto la mteremko litaitoa. Tengeneza kwanza panapovuja, kisha weka mpya.

Maafisa usafirishaji, fomu ya kuomba vipuri isipokelewe bila vipimo vya dramu ya kulia na ya kushoto, vilivyochukuliwa kwa venia na kuingizwa kwenye jalada la gari. Moja ikivuka kikomo, ombeni zote mbili za ekseli hiyo, maana zikitofautiana gari huvuta upande mmoja, na barabara ya Mgeta upande mmoja ni korongo.