Safari ya Siku Moja Kisiwani Aegina



Nimeombwa niseme machache juu ya Ugiriki. Nitasimulia safari ya siku moja tu. Aliyeko Athens hupanda treni hadi bandari ya Piraeus, na hapo huingia feri. Baada ya saa moja na robo hivi huwa amefika Aegina, kisiwa cha wavuvi na wakulima wa pistachio.

Kilimani, katikati ya misonobari, lipo hekalu la Aphaia, lililojengwa yapata mwaka 500 K.K. Nguzo zake nyingi zingali zimesimama. Lakini inua macho juu ya nguzo, palipokuwa na sanamu za mashujaa wa Troy: hamna kitu. Mwaka 1811, Wagiriki wakiwa bado chini ya Waturuki, wasanifu vijana kutoka Uingereza na Ujerumani walizifukua. Zikapigwa mnada, akazinunua mwanamfalme Ludwig wa Bavaria. Hadi leo zimo Munich.

Wagiriki walianza vita vya uhuru mwaka 1821. Mwaka 1828 serikali ya Kapodistrias iliweka makao Aegina, na mwaka 1829 ikafungua hapo jumba la makumbusho la kwanza la taifa. Nchi ilikuwa maskini, imetoka vitani. Hata hivyo haikungoja itajirike ndipo itunze vyake. Sanamu zilikuwa zimekwenda miaka 18 nyuma.

Wanafunzi, ya kale ya kwenu yaandikeni na kuyatunza mapema.