Fundi wa Mguu Bandia Asomea Wapi?

Msikilizaji, kama una mwanao wa sekondari anayependa fizikia na baiolojia, na mikono yake haitulii, mwite asogee karibu na redio.

Pale Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, kuna chuo kiitwacho TATCOT. Tangu 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na viungo saidizi, wakiwemo wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika. Kuna stashahada na shahada.

Kazi yenyewe? Kigutu cha mgonjwa aliyekatwa mguu chini ya goti huzungushiwa bendeji ya plasta. Ikikauka inavuliwa, inajazwa plasta ya maji, na inatoka sanamu ya kigutu. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Kwa tupa anachonga kidogo chini ya kifupa cha goti, kwa kuwa pale panastahimili uzito. Pembeni, penye ncha ya mfupa na mshipa wa fahamu, anaongeza plasta, pasibanwe. Kisha plastiki ya moto inavikwa juu ya sanamu, na ikipoa ndiyo inayovalishwa kigutu. Akikosea milimita chache, mgonjwa atapata vidonda na mguu utaishia uvunguni.

Kwa hiyo anatomia haikwepeki, wala useremala. Sifa za kujiunga, uliza chuoni kwenyewe, si kwa madalali.