MAJIMAJI NI YETU SOTE, WALIOKUFA NJAA NAO WAHESABIWE!

Ndugu msomaji, haya ndiyo niliyowaeleza wananchi wa Kitai, pale njia panda ya kwenda Lituhi. Nakuletea na wewe, maana yanakuhusu.

Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu zaidi ya 60, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Nduna Songea Mbano naye akanyongwa siku chache baadaye. Kila mwaka tarehe hiyo tunakusanyika makumbusho, ngoma zinapigwa, wakubwa wanahutubia. Ni haki kabisa! Lakini jiulize: waliokufa ni hao tu?

La hasha. Njaa iliua wengi kuliko kamba na risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Inakadiriwa kwamba vita ile ya 1905 hadi 1907 iliangamiza watu hata kufikia 300,000. Wengi walikuwa akina mama, watoto na wazee. Makaburi yao yako wapi?

Kuna jingine ambalo wengi hulinong'ona tu. Wangoni nao walikuja. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakikimbia vita vya Shaka. Walipofika huku waliwavamia wenyeji. Waliotekwa, wengine waligeuzwa Wangoni, wengine wakauzwa utumwani Kilwa. Wamatengo walikimbilia milimani na kulima ngolo kwenye miteremko. Je, mjukuu wao ashangilie mashujaa bila babu yake kutajwa hata kwa neno moja?

Watasema tunachochea ukabila. Uongo mtupu! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo Mngoni, Mmatengo na Mnyasa wanaoana, wanazikana. Wengi wanaojiita Wangoni, bibi zao walikuwa mateka. Hata askari wa Mjerumani wengi walikuwa Waafrika, na damu yao imo humu humu nchini. Hatumdai mtoto deni la babu yake. Tunadai ukweli wote.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha. Vizuri. Ila habari za mafuvu na fidia zisiwe siri ya wakubwa wa Dodoma na Berlin!

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, majina ya waliokufa, pamoja na wa njaa, yakusanywe kijiji kwa kijiji. Pili, wazee wa Umatengo na wa mwambao wa Nyasa wapewe nafasi ya kusema kila tarehe 27 Februari. Tatu, makubaliano yoyote na Ujerumani yasomwe hadharani kabla ya kutiwa saini.

Ndugu msomaji, usingoje Serikali. Chukua daftari, kaa na bibi yako, andika majina anayoyakumbuka. Akiondoka, ameondoka nayo.