Chema Hujiuza Kikijulikana
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya simu na biashara. Wengi wetu tunayo simu janja, au kijana wa nyumbani anayo. Tunapokea salamu na kuangalia picha za harusi. Ni vizuri. Lakini simu hiyo hiyo yaweza kuuza asali, mayai, mikeka, hata mchele.

Wazee walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Wafanyabiashara nao husema, "Biashara matangazo." Je, nani mkweli? Wote wawili. Asali nzuri iliyofichwa uvunguni haijiuzi, maana hakuna anayejua kwamba ipo. Tangazo humleta mteja mara ya kwanza. Uaminifu humrudisha mara ya pili.

Tuchukue mfano huo wa asali. Mama amerina, anazo ndoo mbili. Afanye nini?

Kwanza, apige picha. Asipige usiku chini ya taa. Apige asubuhi, nje, chupa ikiwa safi, juu ya kitambaa cheupe. Apige asali yake mwenyewe. Asichukue picha ya mtu mwingine, maana mteja akiletewa kitu tofauti, harudi tena.

Pili, aandike maneno machache. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Aandike hivi:

"Asali safi. Lita 1 shilingi 12,000. Nusu lita shilingi 6,000. Nipo karibu na gulio. Piga simu mpaka saa 12 jioni."

Bei hiyo ni mfano tu. Muhimu ni kwamba bei imeandikwa. Wako watu huandika "bei poa, njoo tuongee." Mteja aliye mbali hana muda wa kubahatisha. Tena aseme kama anauza kwa lita au kwa kilo. Lita 1 ya asali ina uzito wa kilo 1 na gramu 400 hivi. Asiposema, ugomvi utakuja.

Tatu, atangaze wapi? Aanze na WhatsApp, kwa sababu watu wanaomjua wako huko. Tangazo la stetasi hukaa saa 24 tu, kisha linafutika. Tena analiona yule tu mliyehifadhiana namba. Kwa hiyo, kila mteja anayenunua, mwombe namba yake, naye ahifadhi ya kwako. Ipo pia WhatsApp Business iliyoanza mwaka 2018. Kuiweka kwenye simu hakuna malipo, ila bando. Humo unaandika jina la biashara, saa za kazi, na orodha ya bidhaa pamoja na bei. Katika makundi ya ukoo au ya msibani, usirushe matangazo ovyo. Omba ruhusa kwanza.

Nne, ajibu maswali. Asali ikiganda, mteja atauliza, "Mama, mbona hii ina sukari?" Asikasirike. Amweleze kwamba hata asali safi huganda, hasa wakati wa baridi. Aiweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka. Tena asitangaze kwamba asali yake inaponya kila ugonjwa. Huo ni uongo. Na amkumbushe mzazi kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapolizwa. Mnunuzi asiyejulikana anapiga: "Mama, nimeshatuma hela, mpe bodaboda mzigo haraka." Ujumbe unaingia kweli, umeandikwa kiasi cha pesa. Kumbe ameuandika yeye mwenyewe! Ndoo imeondoka, hela hakuna. Ada ya mtoto imekwenda hivyo hivyo.

Dawa yake ni moja. Usiamini ujumbe, amini salio. Fungua menyu ya pesa kwenye simu yako, tazama salio lako. Likiongezeka, toa mzigo. Kama halikuongezeka, mzigo ubaki. Mnunuzi mwema atasubiri dakika 2. Anayekuharakisha, mwogope.

Namba yako ya siri usimtajie mtu yeyote. Vilevile zile tarakimu 6 zinazoletwa na WhatsApp usimpe mtu, hata akijiita ofisa. Ukimpa, atachukua akaunti yako na kuwaomba wateja wako hela kwa jina lako. Hapo hupotezi pesa tu. Unapoteza jina, na jina ndilo duka lenyewe.

Basi ndugu zangu, wiki hii fanyeni jambo moja. Kila mwenye kitu cha kuuza apige picha moja na kuandika mistari minne: kitu gani, kipimo gani, bei gani, kinapatikana wapi. Asiye na simu janja aandike kwenye karatasi, kijana wake ampigie chapa. Kabla ya kutuma, soma tena kwa sauti na ujiulize: je, yote haya ni kweli? Kama ni kweli, tuma.

Nawatakia biashara njema.