Abramu Alimwachia Kijana Achague



Ndugu wapendwa, tulitafakari Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Lutu wanagombana, kwa kuwa nchi haiwatoshi wote pamoja. Abramu ndiye mzee, tena ndiye aliyeahidiwa nchi na Mungu. Hata hivyo anamwachia Lutu achague kwanza. Yeye atashika upande utakaobaki.

Sisi tukaao pwani ya Mtwara, toka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, tunajua ugomvi wa namna hiyo, ila wetu ni wa kiwanja. Saa kumi jioni timu ya vijana imekwisha kuingia na mpira wake. Wasichana wa netiboli wameketi pembeni, nguzo zao zimelazwa chini. Kina mama wa ngoma wanataka mahali pa kufanyia mazoezi ya sindimba. Msimu wa korosho ukifika, mwenye mavuno naye anatafuta mahali peupe pa kuanika. Wapo pia watoto wadogo, ambao hakuna anayewaandika katika ratiba, maana hawana mwenyekiti wala mhuri.

Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mpango wa karanga, ukitazamiwa kuwa mji mkubwa. Mpango ule ukaanguka, reli ya Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nafasi pana zikabaki wazi. Vizazi kadhaa vya watoto vilicheza humo bila kuulizwa na mtu. Katika miaka ya 2010 habari za gesi zilipovuta wageni na fedha, mahali patupu pakaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Vijijini sheria ni wazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Halmashauri ya kijiji huisimamia kama mdhamini, wala si kama mwenye mali, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, ndio unaoidhinisha. Lakini saa za kuchezea hupangwa na wale waliohudhuria na kusema. Je, binti zetu wangapi husimama kusema humo, na sisi baba zao tukawasikiliza?

Timu kubwa hutuambia: sisi tulifika kwanza, sisi tulifyeka majani, sisi tulinunua nyavu. Ni kweli, na jasho la mtu lina heshima yake. Nchi yetu inayajua maneno haya: viwanja vingi vya mikoani vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi wakati wa chama kimoja vilibaki mikononi mwa CCM baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, na mpaka leo watu huulizana juu ya jasho lao. Lakini Abramu naye alikuwa na hoja, tena nzito kuliko nyavu, naye hakuitumia.

Hatusemi kila kikundi kipewe saa sawasawa. Timu inayojiandaa kwa mashindano itahitaji zaidi juma hilo, na mtoto wa miaka sita hana haja ya kiwanja kizima. Tunasema juu ya nani anaulizwa kwanza.

Na kiwanja cha parokia je? Mara nyingi kina lango, lango lina kufuli, na ufunguo uko kwetu. Pwani hii majirani zetu wengi ni Waislamu. Mtoto wao akisimama langoni, tunamfungulia, au tunamuuliza kwanza jina lake? Nabii Zakaria, katika sura ya 8, aliona Yerusalemu iliyorudishiwa amani: wazee na mikongojo yao wameketi njiani, na wavulana na wasichana wanacheza. Hakutaja walikuwa wa kikundi gani.

Basi, makatekista wapendwa, kabla ya kikao cha kupanga ratiba, waiteni wasichana wa netiboli, kina mama wa ngoma na watoto wa majirani, mwaulize siku na saa wanazozipenda, mziandike. Vijana wetu wa parokia wachague katika zile zitakazobaki.