MGENI NJOO, MWENYEJI ASEME

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu hutamkwa kwa furaha pindi mgeni anapobisha hodi, kwa maana siku hiyo hupikwa kitoweo ambacho wenyeji wenyewe hawakukionja siku nyingi. Lakini katika biashara ya utalii msemo huu hauna budi kuulizwa upya. Mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona? Na mgeni mwenyewe, hasa yule aliyekuja na watoto wadogo, anaondoka na nini zaidi ya ngozi iliyobabuka kwa jua na mchanga ndani ya viatu?

Mfano ulio wazi ni kisiwa cha Barbados, kilichoko mashariki kabisa ya visiwa vya Karibi. Eneo lake ni kilometa za mraba 431, yaani karibu robo ya kisiwa cha Unguja, na gari huweza kukizunguka kwa siku moja. Waingereza walifanya makao hapo mwaka 1627, wakakitawala hadi Novemba 30, 1966 kilipopata uhuru chini ya uongozi wa Errol Barrow. Novemba 30, 2021 kikawa jamhuri. Wananchi wake walio wengi sana ni wazao wa Waafrika, na katika mwaka wa kawaida wageni wanaoingia kwa ndege na kwa meli huwa wengi kuliko wananchi wenyewe.

Ichukuliwe kwa mfano familia moja kutoka Uingereza: baba, mama, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Familia hii inazo njia mbili za kukiona kisiwa. Ya kwanza ni kujifungia hotelini katika pwani ya magharibi, kula chakula kile kile kinacholiwa London, na kurudi nyumbani. Ya pili ni kumtafuta mtu wa kisiwa, anayejua barabara na watu wake, na kufuata nyayo zake. Wazazi wengi huiogopa njia ya pili wakisema kuwa watoto watachoka, wataungua jua, watadhurika. Hofu hiyo haikosi sababu, lakini dawa yake ni huyo huyo mtembeza wageni.

Ufukoni mwa Barbados humea mti uitwao manchinili. Kivuli chake kinapendeza, na tunda lake hufanana na tufaha dogo la kijani, lenye harufu tamu. Lakini ni sumu. Anayeling'ata huungua kinywa na koo. Utomvu wa mti hubabua ngozi. Hata mvua ikichuruzika majanini yaweza kumtoa malengelenge aliyejikinga chini yake. Miti hii haikatwi ovyo kwa kuwa mizizi yake huushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Mingi imepakwa mkanda wa rangi nyekundu shinani, ila mtoto wa miaka minne hajui maana ya mkanda. Mwenyeji ndiye amshikaye mkono na kumwambia: "Tunda hili haliguswi, mwanangu."

Ndivyo ilivyo na bahari. Upande wa magharibi maji ni tulivu. Upande wa mashariki, kwenye kijiji cha Bathsheba, Atlantiki hupiga kwa nguvu zote ikitokea upande wa Afrika, na mkondo wake humchukua hata mwogeleaji hodari. Mwenyeji hungoja maji yatoke, kisha akawaketisha watoto katika vidimbwi vilivyobaki kati ya majabali, wachezee kaa na konokono. Tena huwatembeza asubuhi, jua la mchana likawakuta kivulini wakila.

Na chakula chenyewe ni darasa. Chakula cha taifa huko ni kuukuu, yaani ugali wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, unaoliwa kwa samaki warukao. Liko pia shelisheli, tunda lile lile lijulikanalo Unguja na Pemba. Watoto huelezwa kwamba shelisheli si mwenyeji wa Karibi. Mwaka 1793 nahodha William Bligh aliifikisha miche yake katika visiwa vya St Vincent na Jamaica kutoka Tahiti, kwa sababu mabwana wa mashamba walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Wakitoka hapo watoto huwaona tumbili mitini, wakashangilia. Nao, husema mwenyeji, waliletwa na meli kutoka Afrika ya Magharibi katika karne ya 17. Mjini Bridgetown, katika bustani ya Queen's Park, huoneshwa mbuyu ambao familia nzima ikishikana mikono haiwezi kuuzunguka. Asili ya mti huo pia ni Afrika.

Hapo ndipo binti wa miaka minane, ambaye bado hajafundishwa kuogopa maswali, huuliza: "Na wewe, mjomba, nani alikuleta?"

Ndugu Wasikilizaji, swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Kabla ya kujibu, mwenyeji huwatazama kwanza wazazi usoni. Ujira wake wategemea furaha ya wageni, na wageni wamekuja kupumzika, hawakuja kuhuzunika. Akisema kweli, huenda asiitwe tena kesho. Akinyamaza, amewauza babu zake mara ya pili, safari hii kwa bei ya bakshishi.

Kweli yenyewe inajulikana. Tangu miaka ya 1640 kisiwa hiki kiligeuzwa shamba moja la miwa. Sheria ya mwaka 1661 ilimfanya Mwafrika kuwa mali, na bwana aliyemuua mtumwa wake katika kumwadhibu hakutozwa kitu. Kinu cha upepo cha Morgan Lewis, ambacho wageni hupenda kukipiga picha, ni kazi ya jasho hilo. Wakati wa mavuno vinu vya namna hiyo vilisaga miwa usiku na mchana, na shoka liliwekwa karibu ili kuukata mkono wa mtu ulionaswa, kabla mwili wote haujavutwa. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa fidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Waliendelea kufanyishwa kazi kwa jina jingine hadi 1838.

Je, mtoto aambiwe yote hayo? La hasha, si yote kwa siku moja. Hekima ya mwenyeji ni kupima. Habari ya shoka huwaambia wazazi kando. Yule mdogo huambiwa kuwa watu walichukuliwa makwao kwa nguvu, wakafanyishwa kazi bila malipo, wakakataa. Dada yake huoneshwa sanamu ya mwaka 1985 ya mtu aliyekata minyororo, ambayo wananchi huiita Bussa, kwa kumkumbuka aliyeongoza maasi ya Aprili 1816. Kisha hupelekwa Newton, kwenye makaburi ya mamia ya watumwa. Wataalamu waliochimba hapo miaka ya 1970 walikuta mzee, adhaniwaye kuwa mganga, amezikwa na mkufu wa shanga, meno ya mbwa na kauri. Kauri hizo si za Karibi. Makazi yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mtoto hukumbuka kauri siku zote, hata akisahau tarehe.

Wako watakaosema kwamba huko ni kumtwisha mtoto wa Kiingereza mzigo usio wake. Hoja hiyo haina nguvu. Jumba la fahari la Harewood, huko Yorkshire, lilijengwa na ukoo wa Lascelles uliotajirika kwa sukari na watumwa wa Karibi. Basi habari ya Barbados ni habari ya nyumbani kwao pia, na mtoto anayeitambua mapema hatajidhani mkubwa mbele ya yule anayemtandikia kitanda hotelini. Mzigo mzito zaidi ni kumlea katika uongo.

Wajibu wa mzazi, kwa hiyo, ni mmoja. Mwenyeji anapomtazama usoni kabla ya kujibu, yeye aitikie kwa kichwa. Kitendo hicho kidogo humpa mtu wa kisiwa ruhusa ambayo kwa haki hakupaswa kuiomba, nayo ni kusimulia nchi yake kwa kinywa chake. Kisha amlipe ujira wa haki, yeye mwenyewe, mkononi, kwani fedha nyingi za utalii huishia kwa wenye hoteli na ndege walioko ng'ambo.

Mgeni njoo, basi. Lakini mwenyeji hatapona kwa bakshishi pekee. Atapona atakaposema, na mtoto wa mgeni akamsikiliza.