Kukarabati Sakafu ya Trela la Friji

Sakafu ya trela la friji huonekana kama bati tupu, kumbe ni tabaka juu ya tabaka. Juu kuna alumini yenye matuta. Hewa hupita kati ya matuta hayo, chini ya mzigo, ikirudi kwenye mashine ya kupoza. Chini yake kuna povu gumu la poliurethani linalozuia joto la barabarani, kisha mihimili inayobeba vyote.

Adui mkubwa ni magurudumu ya forklifti. Hubonyeza matuta na kupasua viungo. Ufa mwembamba kama unywele watosha kupitisha maji ya kuoshea na damu ya samaki. Povu likilowa, joto hupenya, trela huongezeka uzito, na mashine hula dizeli zaidi. Kuziba ufa kwa juu tu ni kazi bure, maana maji yamefungiwa ndani.

Fundi makini hukata alumini hadi alifikie povu kavu, hung'oa lililolowa, hukausha na kukagua mihimili. Kisha huchomelea kipande kipya chenye matuta yanayolingana, na kudunga povu la majimaji kupitia tundu dogo. Huvimba likajaza nafasi.

Hatari iko kwenye kuchomelea. Poliurethani ikiungua hutoa moshi wenye kaboni monoksidi na sianidi, sumu zinazoua upesi ndani ya trela lililofungwa. Povu la kando liondolewe kwanza, milango iachwe wazi, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Mwisho kiraka kimwagiwe maji. Yakivuja, kazi irudiwe kabla ya kupakia.